Fagio na Simu ya Mkunga

Saa tatu asubuhi, fundi simu anayejulikana mtaani kwa jina la Fagio anaipangusa simu ya mteja kwa kitambaa, kisha anaanza kuhoji kama hakimu.

"Hii programu ya kutabiri nyota, nani kaileta?"

"Sijui," anajibu mteja wake, mkunga wa makamo aliyekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Na hii michezo mitatu?"

"Mwanangu, nina muda wa michezo mimi?"

"Basi hivi vitu havina mwenyewe. Vinatoka."

Kibanda chake kimebanwa kati ya kinyozi na muuza rangi. Mafundi wengine hapa hubadili vioo na betri. Yeye kazi yake kubwa ni kuung'oa mfumo uliokuja na simu, pamoja na matangazo na programu zake zisizofutika, na kuweka mfumo safi usioongezwa kitu.

"Watu wanasema simu imezeeka," anasema. "Haijazeeka. Imebebeshwa mizigo ya watu."

Ufundi huu ulianza kwa hasira. Alikuwa fundi cherehani, akanunua simu iliyojaa kabla hajapiga hata picha moja. Akaichokonoa mpaka ikafa. Ya pili ikapona.

"Mume wangu akaificha yake," anasema, akicheka.

Habari ya mkunga haina mzaha. Wiki iliyopita, mume wa mjamzito alimpigia mara nne. Kila alipotaka kupokea, tangazo la mchezo lilifunika kioo. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa mikononi mwa jirani. Mama na mwanawe ni wazima, lakini mkunga anasema bado usingizi haumjii. Sasa kuna mama mwingine ambaye siku zake zimetimia.

"Nimeshauriwa ninunue mpya."

"Mpya nayo itakuja na wageni wake," Fagio anamkatiza.

Laini inahamia kwenye simu ndogo ya vitufe ambayo Fagio huwaazima wateja wasikose kupatikana. Picha zinahifadhiwa kwenye kompyuta. Fagio hafichi hatari: waya wa kompyuta ukichomoka katikati ya kazi, simu inaweza kufa, na baadhi ya programu za benki hugoma baadaye.

"Fanya tu," anasema mkunga. "Mimi nataka iite, nipokee."

Mstari wa kuonyesha kazi ilipofikia unatambaa polepole kwenye kompyuta. Kinyozi anachungulia kuomba chaja.

"Usiguse meza!" wanawake wote wawili wanapaza sauti. Kinyozi anarudi kwake mikono juu.

Hatimaye simu inawaka. Kioo ni cheupe, kina vitu vichache tu. Laini inarudishwa, na Fagio anapiga kujaribu kwa simu yake mwenyewe, yenye ufa kioo kizima. Mganga hajigangi.

"Haloo, nani mwenzangu?" anauliza mkunga, wakiwa wametazamana. Wanacheka.

Fagio ana nia ya kupata chumba chenye meza nne, awafundishe wasichana wa mtaani kazi hii, na hana mpango wa kukata tamaa.

"Kila mtaa uwe na mtu wa kuuliza, hii nani ka—"

Simu ya mkunga inaita. Anapokea papo hapo.

"Chupa imepasuka? Nakuja. Mwambie nakuja!"

Anabeba mkoba wake na kutoka mbio. Fagio anabaki akikitazama kiti kitupu, machozi yakimlenga.

"Hata kwaheri hakuna," anasema. "Na ndivyo nilivyotaka."