Gari Juu ya Matofali

Tii.

Tone lilidondoka katikati ya sinia la wali, likatoboa kishimo kidogo palepale Somoe alipokuwa anataka kutia mkono. Mumewe, Mfaume, alisikia, akajifanya hakusikia. Akasogeza sinia upande wa dirisha, akaendelea kula. Tone la pili likamwangukia Somoe begani. Alinawa, akajifunga kanga, akangoja mvua ya vuli ipungue, ndipo aliposimama kwenye mlango wa gari na kusema:

"Baba Lulu, siku nitakayokula humu mpaka nikanawa bila kulowa, siku hiyo nitaleta mizigo yangu. Kabla ya hapo, mie mgeni wa Ijumaa."

Akarudi zake Temeke, kwenye chumba walichokipanga tangu ujana wao.

Mfaume alikuwa amehamia Boko peke yake, akiishi ndani ya gari. Lilikuwa Kombi kuukuu yenye kitanda cha kukunjua, jiko dogo la gesi, sinki la kunawia na kabati mbili. Bwana wa mwisho aliyemfanyia kazi ya udereva, Mzungu mmoja wa mradi wa mifugo, alipokuwa anarudi kwao alimwachia funguo, akamwambia lile gari limekwisha, kama yeye Mzungu mwenyewe alivyokwisha. Watu wa Temeke wakalipa jina Kobe, kwa kuwa linatembea na nyumba yake mgongoni. Kobe alifika Boko kwa miguu yake mwenyewe, akazimika kando ya mkorosho, na hakuwaka tena.

Kiwanja kilikuwa cha marehemu baba yake Mfaume. Miaka ile mambo yalikuwa yameanza kuwa ruksa, na watu wenye uwezo walipita njia ya Bagamoyo wakipima ardhi kwa macho. Kiwanja kisichokaliwa na mwenyewe kililala chako kikaamka cha mwingine. Mkonge wa mpaka ulikuwa umeshasogezwa mara moja. Kwa hiyo Mfaume hakuweza kuondoka. Na kukaa bila Somoe nako hakukuwa kukaa. Alikuwa mtu aliyezoea kusinzia huku mkewe akimsimulia habari za jirani gani kamsema nani. Sasa alisinzia kwa kelele za panzi, na panzi hawana habari.

Vuli ikaisha, joto la kaskazi likashika. Mfaume akaanza matengenezo, na alianza na injini.

Asingeweza kuanza kwingine. Dereva wa umri wake ukimwambia gari lina kasoro, mkono wake hutangulia kwenye injini kabla akili haijauliza. Alisafisha kabureta kwa petroli, akasugua plagi kwa msasa, akafunga bomba la mafuta lililopasuka kwa kipande cha tyubu ya gurudumu. Jirani yake, Gaspar, fundi uashi kutoka Rombo aliyekuwa anajijengea nyumba kwenye kiwanja cha pembeni, alikuja kila asubuhi kumtazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Gaspar."

"Bado unamkanda mgonjwa?"

"Ameshaanza kukohoa. Ni dalili njema."

"Mzee wangu, nimejenga nyumba nyingi mjini hapa, sijaona hata moja iliyoezekwa kwa injini."

"Wewe Mchaga utajua nini cha gari? Wewe matofali tu."

"Na matofali ndiyo unayoyahitaji! Hebu simama hapa utazame. Magurudumu yamezama, gari limelala upande. Mvua ikinyesha, maji yanatuama juu kama kwenye bakuli. Yang'oe hayo magurudumu, lipandishe juu ya matofali, likae sawa, ndipo uzibe."

Mfaume akaiweka spana chini taratibu.

"Gaspar, gari likishapandishwa juu ya matofali limekufa. Hata kuku hutaga ndani yake."

"Watage, mzee. Mayai si dhambi."

Ijumaa moja Somoe alifika na kapu la chakula, akaona miguu ya mumewe imetokeza chini ya gari. Mfaume alitoka uvunguni amepakaa grisi mpaka kidevuni.

"Mama Lulu! Njoo ukae hapa mbele. Sikiliza!"

Akawasha. Injini ikakoroma, ikatetema, ikatema moshi mweusi uliofukuza kunguru mkoroshoni, kisha ikanyamaza. Mfaume alicheka kama mtoto aliyetembea hatua ya kwanza. Somoe alimfuta grisi kidevuni kwa ncha ya kanga.

"Naona unanitengenezea njia ya kuondoka, Baba Lulu," alisema bila hasira. "Ya kukaa utaitengeneza lini?"

Akampakulia, wakala, akaaga.

Mfaume alibaki amekaa kwenye kiti cha dereva, mikono kwenye usukani, mpaka jua likatua. Kuna matengenezo ya mtu kujifurahisha, na kuna matengenezo ya kumsitiri mwenzio. Ya kwanza huwa matamu, ya pili huwa mazito. Kulipokucha alichukua jeki, akaenda kumwomba Gaspar matofali.

Waliinua gari upande mmoja, kisha wa pili. Kila gurudumu lililotoka Mfaume aliliosha kwa sabuni, akalikausha, akaliegemeza ukutani kwa Gaspar, polepole, kama mtu anayemvua marehemu viatu. Gari lilipokaa sawa, Gaspar alipitisha pima maji juu yake kama vile ni msingi wa nyumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Somoe alipokuja Ijumaa iliyofuata, alilizunguka gari. Akagusa tofali moja kwa kiganja. Akala, akaenda zake.

Ikabaki kuziba. Gaspar akapanda juu na kopo la maji, akawa anamimina kidogokidogo, na Mfaume ndani na chaki yake, akiweka alama kila lilipochungulia tone. Maji ni mwongo: huingia pale yakatokea hapa. Lile tone la juu ya sinia, kumbe lilikuwa linatoka mbele kabisa, kwenye nati za keria, likitambaa darini mpaka mezani.

"Tupake lami," alisema Gaspar.

"Kwa jua hili la Boko? Lami itatumiminikia kichwani. Mie mjomba wangu alikuwa fundi kalafati Kunduchi, akiziba nyufa za mashua. Tulia uone kazi."

Akasokota pamba, akaichovya kwenye chokaa na sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini, akaishindilia kwenye kila ufa kwa bisibisi butu. Kazi ilitoka safi. Laiti mjomba angekuwa hai, angemkumbusha jambo moja: vyombo vya Kunduchi hukaa kwenye upepo wa bahari, havikai juani juu ya bati. Siku chache tu, sifa ikaiva. Paka wa Boko nzima wakapata habari, wakaja wakajilaza juu ya gari kama jamaa waliokuja arusini.

"Mzee," Gaspar aliita kutoka kwake, amejiziba pua, "umeziba au umepika?"

Masika yalianza Ijumaa mchana. Somoe alifika huku manyunyu yakimfuata, akakuta paka wanashuka mmojammoja kukimbia mvua.

"Nyumba hii ina wenyewe?"

"Wageni tu hao, Mama Lulu."

"Wa Ijumaa kama mie."

Waliingia, wakafunga mlango, mvua ikamwagika kweli. Mfaume aliandaa sinia palepale pa siku ile. Alikula bila kuonja, macho darini. Maji yalisikika yakiteremka kwa nyuma, yakienda zake. Somoe alikula kwa utulivu mpaka tonge la mwisho, akanawa, akajipangusa. Akainua uso juu, akapapasa mabega yake.

"Kavu," alisema.

Mfaume akashusha pumzi.

"Lakini kunanuka kama nimeolewa na papa."

"Habari ya harufu hukuitaja."

"Ningeitajaje? Nilijua kuna mtu duniani atakayepaka gari sifa?"

Akacheka mpaka akashika ubavu, na Mfaume akacheka kwa kuwa yeye amecheka. Kisha Somoe akavuta kapu lake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kanga. Kilikuwa chetezo chake, kile alichofukizia udi siku ya arusi yao. Mfaume alikitazama. Mwanamke hachukui chetezo kwenda kutembea, hukibeba anapohama. Na huyu alikifunga Temeke, asubuhi, kabla hajajua kama dari litavuja.

Moshi wa udi ukapanda, ukapigana na papa, ukamshinda kidogo. Nje mvua ilikuwa bado inanyesha.

"Lulu ameleta salamu kutoka Tanga," alisema Somoe, akipepea kaa la moto. "Atajifungua masika yakiisha, anatutaka sote wawili. Gaspar atatuangalizia hapa. Lakini tutakwendaje?"

Mfaume aliangalia usukani kule mbele. Tangu alipojua kuendesha hakuwahi kukaa nyuma ya dereva mwingine bila mguu wake wa kulia kutafuta breki sakafuni. Akaugeuzia usukani mgongo, akasogea karibu na mkewe, kwenye joto la chetezo.

"Tutapanda basi," alisema, kwa sauti ndogo mno.