Nyumba ya Mafiga Manne

Asubuhi hii binti wa jirani amekuja kuomba moto, kigae cha chungu mkononi. Nilipokuwa nikimchotea makaa, harufu ya majivu ya moto ilinirudisha mbali, mpaka kwenye simu ya yaya wangu Riziki, dada yangu mkubwa. Mtanicheka, makaa na simu wapi na wapi? Ngojeni niwasimulie.

Baba alikuwa mwalimu, na nilipokuwa na miaka tisa alihamishwa kutoka Kabambare kuja hapa Kasongo. Nyumba yetu tukawaachia watu wengine. Nililia njia nzima juu ya pikipiki. Riziki ndiye aliyepata dawa. Katika simu yake mlikuwa na mchezo wa kujenga kwa matofali ya rangi, nasi tukaijenga upya nyumba ya Kabambare: kuta nyekundu, kibaraza, na jiko la nyuma lenye mlango mfupi uliokuwa ukimgonga baba kichwa. Mchezo ule ulikuwa na jambo moja la ajabu. Jengo likiisha unalihifadhi kwa jina, halafu unaweza kulisimamisha tena popote, hata mara kumi, au kumtumia mwenzako kwa bluetooth naye akawa nalo zima.

Mafiga niliyaweka mimi. Niliweka manne, kwa sababu matatu hayakutaka kukaa sawa kwenye ile miraba.

"Mafiga iko tatu, weye," Riziki alisema huku anacheka. "Kwa ine, nani atapika?"

"Yangu iko ine," nikamjibu. Kichwa changu kilikuwa kigumu, akaniachia.

Watoto wa mtaa walipoiona nyumba wakaitaka. Nikakataa katakata. Kwangu ile haikuwa picha. Ilikuwa kwetu, na sikutaka watu nisiowajua walale kwenye chumba chetu. Nikamwapisha Riziki asimpe mtu. Mama, ambaye kila alfajiri aligawa makaa kwa nusu ya mtaa, alitusikia. "Moto haipungukake juu ya kugawa," alisema, akaendelea kupepeta mchele. Sikuona neno lile linanihusu nini.

Riziki akaolewa Salamabila, mumewe akampa simu nyingine, hii akaniachia mimi. Msimu wa mvua ikalowa, nami kwa akili yangu nikaiweka kwenye uchaga juu ya moto, pale mama alipokausha samaki na mbegu za mahindi. Samaki walitoka wazuri. Simu ilitoka imejikunja, na nyumba yetu ndani yake. Sikumwambia Riziki, nilingoja tuonane uso kwa uso. Mwaka uliofuata homa ikamchukua, barabara ikiwa tope tupu, hata maziko yake sikuyawahi. Mpaka leo nikisikia pikipiki inatoka upande ule, moyo unaruka kabla sijaukumbusha.

Mwaka jana ndipo nilipofika Salamabila kuwaona wakwe zake. Uani nikamkuta msichana mdogo wa nyumba ile, Aziza, ameinamia simu. Nikachungulia. Alikuwa amepanga mtaa mzima wa nyumba nyekundu zenye kibaraza, na nyuma ya kila moja jiko lenye mlango mfupi, na ndani ya kila jiko mafiga manne.

"Uliitosha wapi hii?" nikamwuliza.

"Yaya Riziki aliipatiaka yaya yangu. Sasa watoto wote wa hapa iko nayo."

"Na mafiga ine ni ya nini?"

"Ile hatuguse. Alisema ni ya mudogo yake."

Nilianza kwa kukasirika, msishangae. Aliniapia. Kisha nikakaa chini pale uani nikalia, kwa maana kama Riziki angeshika kiapo chake, nyumba yetu ingeishia yote kwenye uchaga wangu, na mkono wake nisingeuona tena. Nilidhani kuigawa nyumba yetu ni kuipoteza. Yeye alikuwa msichana tu wa miaka kumi na minane, lakini alimsikia mama vizuri kuliko mimi.

"Unitumie," nikamwomba Aziza, mimi niliyewanyima wenzangu wote.

"Yaya, fungula bluetooth yako," alisema, akanitumia bila kuniuliza ya nini.

Basi binti wa jirani leo nimemchagulia makaa makubwa, na kabla hajaondoka nimemwuliza kama kwao wana simu.