Maji ya Kitanda cha Mwisho

Enzi zile za vijiji vya ujamaa, kwetu Tarime, kazi ya msaidizi wa wauguzi hukupewa kwa maneno matamu. Ulimfuata sista wodini siku nzima, akakuangalia, jioni akaamua. Mimi ilinibidi niipate. Baba alishaniambia kwamba nikikosa ninaolewa na mzee mmoja mwenye wake tayari, na mzee huyo nilimchukia hata kikohozi chake.

Sista alitoka Bukoba. Kikurya hakukijua wala hakutaka kukijua. Alinipeleka wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho, alikolazwa kijana aliyepigwa mshale wa paja katika ugomvi wa ng'ombe. Jeraha lilikuwa limeoza na homa inamchoma.

"Mnyweshe maji huyu," sista akaniambia. "Tangu asubuhi anakataa. Ukishindwa, nenda zako nyumbani."

Nikasogeza kikombe. Kijana akaniuliza kwa Kikurya mimi ni wa ukoo gani. Ningedanganya vipi, na matamshi yameshanichongea? Nikamwambia. Basi, waliompiga mshale ndio hao hao watu wetu. Akafumba mdomo, akageukia ukuta.

Nje, mbali na mlango, walikaa kaka zake, fimbo mapajani. Kuingia walikatazwa, lakini kila aliyetoka walimuuliza ndugu yao amelishwa nini. Jamani, niliogopa! Asipokunywa, sina kazi. Akinywa halafu akafa, nani ataamini kwamba yalikuwa maji tu?

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, aonekane hana baya. Hospitalini ilikuwa marufuku kugusa chombo cha mgonjwa kwa mdomo, na sista alikuwa amesimama pale pale. Potelea mbali! Nikapiga funda, nikameza huku ananitazama. Kijana akanyoosha mkono, akanywa kikombe kizima, akaomba kingine.

"Wewe msichana una wazimu?" sista akafoka. Nikamweleza ukoo wangu na desturi yetu ya kuonja. Akanitupia aproni.

"Kesho saa moja. Na usirudie."

Kesho yake nilikuta kitanda kitupu, godoro limeanikwa juani. Kaka zake walikuwa wamesimama mlangoni, fimbo mikononi. Habari ya homa hawakuuliza, wala ya jeraha. Mkubwa wao aliuliza jambo moja tu, kwa Kiswahili: jana nani alimpa ndugu yetu maji?

Nilifungua mdomo nikiri.

"Mimi," akasema sista, akapita mbele yangu mpaka akanikinga kabisa. "Nilimpa kwa mkono wangu. Mna la kusema?"

Walimtazama kwa muda mrefu, huyu mtu wa mbali ambaye hapa hana ukoo wa kulipiziwa. Halafu wakaenda kuchukua maiti yao. Sista akaniambia nikatandike kitanda, kuna mgonjwa mwingine analetwa. Yeye alibaki pale mlangoni mpaka walipotokomea.