Mawe Niliyoyarudisha Mtoni

Niliondoka Ilula kwa ajili ya Faraja, binti wa marehemu mdogo wangu. Anasoma chuo pale Iringa mjini, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kupima jinsi mto wa mlimani unavyosomba mchanga na mawe. Wasomi wanayaita mashapo. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini nimechimba mchanga wa mto miaka arobaini, na nyumba na gari vimetoka humohumo. Nilimwambia gari ni langu, na mambo ya mto atayasikia kwangu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimchukua Iringa. Hadi Mafinga alikuwa ananieleza kazi yake. Kabla ya mvua alipaka mawe arobaini rangi nyekundu, akayaandika namba, akayapanga mstari mmoja kukatisha mto. Mimi nilikuwa natafuta nafasi ya kuyapita malori. Nilisikia rangi, namba, mstari. Mengine niliyaitikia tu, ndiyo mwanangu, ndiyo.

Uyole tulifika alasiri, tukapanda milima ya Uporoto kwa njia ya matope hadi kwa Mama Huruma, mwenyekiti wa kamati ya maji. Alitupa viazi na maharage, akatuonyesha banio lao la zamani, pale maji yalipokuwa yanaingia kwenye bomba. Lilikuwa limejaa mawe hadi juu. Tangu lizibe, wanawake wanapandisha maji kwa ndoo, na kilima kile hata mimi kilinikalisha chini mara mbili.

“Tunangoja karatasi ya huyu mtoto, mzee,” alisema. “Akituonyesha mahali mawe hayafiki, siku hiyohiyo tunachimba banio jipya.”

Kesho yake niliamka mapema, nikashuka mtoni peke yangu. Nikayaona mawe mekundu yametawanyika, jingine kwenye kona, jingine limenasa kwenye mizizi. Sasa sisi wachimba mchanga tunagawana mto kwa mistari ya mawe. Mafuriko yakiisha, anayetangulia kufika huyarudisha mawe ya mwenzake kwenye mstari. Ndiyo heshima yetu. Nilivua viatu, nikayabeba moja moja. Nilipata kumi na tisa. Namba najua kuzisoma, kwa hiyo nikayapanga kwa namba, mstari umenyooka kama ukuta.

Faraja aliposhuka na futi na daftari, nilikuwa nimesimama pembeni nikingoja shukrani.

“Baba mkubwa, nani ameyapanga?”

“Mimi. Mengine sijayaona bado.”

Alikaa kwenye kokoto. Akasema, taratibu, “Nilikuja kupima maji yameyafikisha wapi.”

Hapo ningesema sikumbuki, mambo yangeishia pale. Lakini nilikuwa nimejisifu mno. Alipoanza kuuliza jiwe la kwanza lilikuwa wapi, nikanyoosha kidole. La pili, nikanyoosha. Yote kumi na tisa niliyataja bila kusita, naye akapima na kuandika kila nilichosema, kwa sababu nimemlea na hajawahi kunijua kama mwongo. Mama Huruma alitufuata kwa nyuma, akichomeka kijiti kila mahali ambapo Faraja alisema mawe hayakufika.

Saa nne asubuhi tulianza kurudi. Igawa tuliipita bila kusimama. Makambako tulisimama kula, na Faraja akafungua daftari kando ya sahani. Alikuwa anafurahi. Alisema Jumamosi Mama Huruma anaita watu na majembe, saruji wameshanunua.

Chakula kikanishinda. Nikamwambia.

“Yote?” akauliza.

“Yote, mwanangu. Sikukumbuka hata moja.”

Akachora mstari kukata ukurasa, kisha wa pili. Hakulia. Alisema angempigia simu Mama Huruma. Nikakataa, uongo nilikuwa nimeusema nikiwa nimesimama mtoni kwao. Nikageuza gari.

Kwa Mama Huruma tulifika jua likielekea kuzama. Nilieleza mbele ya kamati, sikupunguza kitu. Mzee mmoja akauliza kama kwetu Iringa hata mto unafundishwa kukaa foleni. Wakacheka, na mimi nilistahili. Mama Huruma hakucheka. Alishuka mtoni nami, akang'oa vijiti vyake kimoja kimoja, akavifunga kama kuni.

“Bora umesema kabla ya saruji,” aliniambia. “Lakini miguu yetu, mzee, ndiyo itakayolipa.”

Faraja alipanga mawe upya, ikabidi angoje mvua nyingine iyasombe. Chuo atamaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Nimejua kwamba miaka yote ile nilikuwa nachota mtoni tu, sikuwahi kuuliza mto unapeleka nini wapi. Na kwamba mtu akinieleza kazi yake, niache malori nimsikilize. Nimejifunza nikiwa na miaka sabini na moja. Mvua zimeanza tena huku Ilula, watu wanafurahia nyanya zao. Mimi nawaza kilima kile kinavyoteleza, na mwanamke mwenye ndoo kichwani anayekipanda kwa sababu yangu.