Kimeng'enya Kilichogoma Kutikisika

Nilirudi Sumbawanga na diski mbili kwenye bahasha, na kazi ambayo sikuweza kumweleza mama kwa Kifipa wala kwa Kiswahili. Msimamizi wangu wa chuo, Dar es Salaam, alikuwa amesema wazi: nikipata jibu linaloeleweka, jina langu linapelekwa kwenye nafasi ya masomo ng'ambo, miaka minne. Nisipopata, nitafute shule ya kufundisha. Shule zilikuwepo pale pale Sumbawanga mjini, tena zina njaa ya walimu wa kemia. Mama alikuwa amebaki peke yake tangu baba afariki, na shamba la mahindi na ulezi lilikuwa linamshinda. Kila nikimgusia habari za ng'ambo alijibu, "Nenda, mwanangu," haraka haraka, kama anayemeza dawa chungu.

Kazi yenyewe ilihusu kimeng'enya kimoja, protini inayoikamata sukari mwilini ili ianze kutumika. Vitabuni protini huchorwa imetulia, na wanafunzi huishia kuamini kwamba imetulia kweli. Haitulii hata kidogo. Mimi nilitaka kujua ya kwangu inatikisikaje pale inapotikisika kwa wepesi kuliko pengine pote. Njia ni rahisi kuliko jina lake. Kila kipande cha mnyororo wa protini unakifanya nukta. Nukta zilizo jirani unazifunga kwa springi za kufikirika, kisha unaiuliza kompyuta: kitu hiki kikisukumwa, kitalegea wapi kwanza? Ni kama kitanda cha kamba, ukikikalia ndipo unajua kinabonyea upande gani. Mitikisiko sita ya kwanza unaitupa, maana hapo kitu kizima kinahama au kuzunguka tu, umbo likibaki lile lile. Wa saba ndio wenye habari. Nilitegemea mtikisiko wa saba unionyeshe taya mbili za kimeng'enya, zile zinazoikamata sukari, zikifunguka na kujifunga.

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria miaka ile. Mjini palijaa mitumba na redio za kila rangi, na sasa palikuwa na duka la steshenari lenye kompyuta ya kuchapia kadi za harusi na matangazo ya parokia. Mwenye duka alimruhusu mtu mmoja tu kuigusa, binti mmoja kutoka kijiji cha Kaoze aliyekuwa mchapaji wake, msafi wa kazi kupita kiasi. Nilimwachia diski moja Jumamosi aiingize kwenye mashine, ya pili nikabaki nayo kama akiba. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, akanifungulia duka na kuwasha jenereta. Hesabu zikaanza.

Mchana jibu lilitoka. Kimeng'enya kiligoma. Hakikuwa na taya wala bawaba, kilikuwa kigumu pande zote. Nilikagua programu yangu, nikaona haina kosa.

Nilifurahi. Nalisema hivyo hivyo lilivyokuwa. Nilipita sokoni nikiwa mwepesi, nikijiona tayari na chaki mkononi, jioni nikirudi kwa mama. Nilipomwambia kwamba kitu changu kimekataa, alisema, "Pole sana, mwanangu." Kisha akachinja jogoo, na tulikuwa wawili tu.

Shida ni kwamba mimi ni mbishi. Kimeng'enya kisichofunguka hakiwezi kuikamata sukari, na hiki kinaikamata kila siku, ndani ya kila mtu aliyekuwa akitembea barabarani. Jumatatu nikarudi dukani, nikafungua faili la namba, zile zinazosema kila nukta iko wapi. Nikasoma ukurasa mzima. Hapakuwa na namba hata moja yenye alama ya kutoa.

"Hizi namba umezigusa?" nikamuuliza yule binti.

"Nilizisafisha, dada. Zilikuwa na vistari vimejaa mbele, kama matangazo yanayoletwa na wanakwaya. Bosi hataki vistari, anasema vinachafua kazi. Nikavitoa vyote kwa mara moja."

Kistari kile ndicho kinachosema nukta iko upande wa pili, kushoto au chini. Yeye alikuwa amekikunja kimeng'enya changu juu ya nafsi yake, nukta zikarundikana, kila moja ikafungwa na majirani wasio wake. Kingetikisikaje? Nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani. Diski ya akiba nilikuwa nayo. Nikasimama nyuma yake, akaingiza namba upya bila kuzigusa, tukasubiri.

Mtikisiko wa saba ukaja. Taya zilifunguka, zikajifunga, taratibu, kama nilivyotegemea. Machozi yakanitoka.

"Hongera, dada," binti akasema, naye akitabasamu.

Mama nilimkuta uani anapeta ulezi. Nikamweleza habari za vistari kadiri nilivyoweza, naye akasikiliza bila kusimamisha ungo.

"Kwa hiyo kimetikisika."

"Kimetikisika, mama."

"Na kama ungevinyamazia hivyo vistari, nani angejua?"

"Ningejua mimi."

Akapuliza makapi pembeni.

"Haya. Wewe ungejua," akasema. "Na mimi ningekuwa na mtu nyumbani."