Lindo la Jalmari na Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Saa kumi na moja na robo alfajiri, ukumbi wa zahanati ya kijiji cha Petäjäkylä unanukia sabuni ya msonobari. Tuulikki Oikarinen anarudi kinyumenyume akipiga deki, mkono wa kushoto juu ya mpini, wa kulia chini. Anapofika mlango wa chumba cha chanjo anasimama, anauegemeza mpini begani, anafumba jicho moja na kuulenga ukuta wa mwisho.

Mkono wake wa kushoto unainuka, unavuta hewa kuja nyuma, kisha unairudisha mbele.

"Mara arobaini kabla ya kahawa," anasema bila haya. "Wagonjwa wakija watanikuta nimeshamaliza vita."

Tuulikki ana umri wa miaka hamsini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye sakafu hii. Baada ya kodi hubakiwa na yuro 1,650 kwa mwezi. Mwishoni mwa kiangazi huchuma matunda ya msituni na kuyauza kwa kilo. Na kila vuli, kwa miaka ishirini na miwili, amekuwa akikoroga supu ya njegere katika banda la wawindaji, wanaume wanaporudi na njaa kutoka kumsaka hirvi, yule kulungu mwenye kimo cha farasi ambaye nyama yake hujaza majokofu ya kijiji hadi Pasaka.

Lakini anachokitamani Tuulikki hakimo sufuriani. Anatamani jiwe.

Jiwe lenyewe liko ukingoni mwa kinamasi, mahali ambapo hirvi hupenda kuvuka anapofukuzwa na mbwa. Baba yake, Jalmari, mkata miti, alikaa lindo hapo vuli thelathini na moja. Siku nyingi alirudi jioni, akavua buti, na alipoulizwa alijibu maneno yale yale: "Sikuona kitu."

"Lakini macho yake, bwana!" anasema Tuulikki. "Yaling'aa kama ya mtu aliyetoka harusini. Nilikuwa mtoto, nikajiambia, huyu ananificha jambo."

Jalmari alifariki miaka mitatu iliyopita. Desturi ya kikundi cha wawindaji ni kuliacha lindo la marehemu wazi kwa vuli tatu. Ya nne hupewa mtu. Taisto Moilanen, kiongozi wa kikundi, tayari alikuwa amepata wa kumpa: daktari wa meno kutoka mji wa Oulu, mwenye nyumba ya mapumziko ng'ambo ya ziwa.

"Nilimwambia waziwazi," anasema Taisto. "Binti Jalmari, nakuheshimu, na supu yako naiheshimu zaidi. Ila hirvi hangoji mtu amalize kuomboleza. Lete bunduki na cheti cha shabaha kabla ya msimu kufunguliwa, au jiwe linakwenda."

Bunduki ya baba haikuwapo tena. Kaka yake Tuulikki, anayeishi Uswidi, aliirithi na kuiuza kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka. Tuulikki hapendi kulizungumzia hilo. "Kaka ni kaka," anasema, na kuigeuza ndoo.

Hivyo, Alhamisi moja ya Septemba, aliingia duka la Veijo Leinonen akiwa na kibali cha polisi mfukoni na yuro mia nne. Bunduki mpya zilikuwa ukutani, zimefungwa darubini, bei zake hata hakuzisoma. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya nyuma, kwenye zile zilizokwishatumika.

Na hapo akaiona. Si ile ya baba, bali pacha wake: bunduki ya zamani ya komeo, ile ya kuvuta na kusukuma kila baada ya risasi, kitako chake cha mti wa mbetula kimeng'arishwa na mashavu ya watu waliokwisha kufa. Bei yuro mia mbili na hamsini. Aliinusa kabla ya kuiinua.

"Unanunua bunduki au unanunua mkate?" Veijo akamtania.

"Acha nipumue, we Veijo. Inanukia nyumbani."

Veijo alichukua risasi moja, akaigeuza, akachomeka ncha yake kwenye mdomo wa mtutu. Katika mtutu mzima, ncha hukwama na shaba ya risasi hubaki inaonekana. Hii ilizama hadi kwenye shingo ya ganda.

"Mtutu huu umekula chumvi nyingi, dada yangu. Umetanuka mdomo. Utalenga hirvi, utapiga kanisa."

"Nini kimeula hivi?"

"Kusafishwa. Wazee walikuwa wanaingiza fimbo ya chuma kwa mbele, wanasugua, wanasugua."

"Baba aliisugua yake kila Jumapili."

"Basi ndivyo hivyo. Iliuawa na mapenzi."

Tuulikki aliirudisha rafuni, akatoka, akakaa ndani ya gari lake karibu nusu saa. Veijo alimwona kupitia dirishani na hakumfuata. "Kuna biashara mtu hufanya peke yake," anasema.

Aliporudi, Veijo alikuwa ameweka nyingine juu ya meza. Mwenyewe wa awali alikuwa amepaka kitako rangi ya kijani ya uzio, kwa brashi, matone yakaganda. Ila mtutu ulikuwa safi, michirizi ya ndani ikizunguka vizuri mbele ya tochi, ncha ya risasi ikakwama panapotakiwa. Na komeo lake lilikuwa upande wa kushoto.

"Imelala hapa miaka miwili," Veijo alimwambia. "Wanaotumia kushoto ni wachache, na wasioona rangi wachache zaidi. Mia tatu na tisini."

"Mbaya kama chura."

"Chura anayepiga anapolenga."

Tuulikki alilipa. Alikuwa hajawahi kushika bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya mkono wake wa kushoto. Baba alimfundisha kwa ile yake ya mkono wa kulia. Kila baada ya risasi ilimbidi aupitishe mkono wa kushoto juu ya bunduki kulifikia komeo. "Kama mtu anayekuna sikio la upande wa pili," anasema. "Baba alicheka mpaka akakaa chini, halafu akasema, basi likune vizuri."

Mazoea hayo ndiyo yaliyomwangusha. Mtihani wa cheti cha shabaha ni risasi nne ndani ya sekunde tisini, umbali wa mita sabini na tano, zote ziingie katika duara la sentimita ishirini na tatu. Risasi ya kwanza ilikaa katikati. Kisha mkono ukaruka juu ya bunduki, ukatafuta komeo upande wa kulia, ukakamata upepo.

"Unampungia nani?" Taisto aliuliza, na uwanja mzima ukacheka.

Muda uliisha akiwa amefyatua tatu. Zote tatu zilifunikwa na kiganja kimoja, lakini tatu si nne. Kukabaki mtihani mmoja kabla ya msimu, Jumatano ya wiki iliyofuata.

Ndiyo sababu ya mpini wa deki. Ndiyo sababu kila jioni, kwa siku sita, aliketi jikoni na bunduki tupu akalivuta komeo mbele ya jiko mpaka paka akahamia sauna.

Jumatano ilinyesha. Risasi ya kwanza, mkono ukabaki kushoto. Ya pili. Ya tatu. Kabla ya ya nne mkono ulianza kuinuka kwenda kulia. Waliokuwa karibu waliuona ukisita hewani, ukarudi. Alipofyatua zilikuwa zimebaki sekunde sita.

Taisto alikwenda kwenye shabaha mwenyewe, akahesabu matundu ya risasi mara mbili, akarudi akipangusa mvua usoni.

"Daktari wa meno nitamtafutia kisiki cha kukalia," alisema. "Sasa supu ya Jumamosi nani apike?"

"Njegere ziko kabatini. Loweka tangu Ijumaa."

Jumamosi hii atakwenda na chupa ya kahawa ya baba, mkate mweusi, na chura wake wa kijani, ambaye Tuulikki hana mpango wa kumbandua rangi. Nyama akiipata ataigawa kama wengine. Asipoipata, anasema, hatarudi na huzuni.

"Miaka yote ile alituambia hakuona kitu," anasema, akichovya deki ndooni. "Nataka nikae pale pale, niitazame hiyo si-kitu yake mpaka nami niione."