Wiki Sita za Kufundisha Kimya

Daktari alinionyesha nyuzi zangu za sauti kwenye skrini. Alikuwa amenipitishia puani kimrija chembamba chenye kamera, machozi yananitoka, nami nikatazama vitu viwili vyeupe vikifunguka na kufungika kama milango iliyovimba kwa mvua. Kila upande ulikuwa na kinundu kidogo, kama punje ya mtama.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nafundisha kwaya," nikasema kwa ile sauti ya kukwaruza niliyokuwa nayo kwa miezi mitatu, nikiitibu kwa tangawizi na asali na ukaidi.

"Ya watoto au ya watu wazima?"

"Zote mbili."

Akatikisa kichwa. "Basi utanyamaza wiki sita. Usiimbe, usiongee, wala usinong'one. Kunong'ona ndiko kunakoumiza zaidi. Ukirudi tutaona kama kuna haja ya upasuaji."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshaanza.

Kwaya yetu hukutana kwenye ukumbi wa shule moja ya msingi pale Mchafukoge. Watoto huja Jumamosi asubuhi. Watu wazima huja Jumanne na Alhamisi jioni, wakishafunga biashara: wauza vitenge, mafundi cherehani, makarani, wenye maduka. Wapo Waislamu, Wakristo na Wahindu, kwa hiyo nyimbo za ibada kila mtu huziacha kwake, hapa tunaimba za mvua, za kazi, za mtaa, nyingi nimezitunga mwenyewe. Shule hutupa ukumbi, na sisi huiimbia siku ya wazazi, watoto na watu wazima pamoja. Siku hiyo ilikuwa imebakiza wiki tano.

Dada yangu, ninayeishi naye Ilala, alisema niwaambie mwaka huu haiwezekani. "Kwani wasipoimba watakufa?"

Nikachukua daftari nikaandika: *Jumamosi naenda.*

Kwa watoto ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Niliandika ubaoni kwamba sauti yangu inaumwa na imeagizwa kupumzika. Kelele zilizofuata zingeweza kuezua paa. Mtoto mmoja wa kike, wa miaka saba hivi, akanijia mbele akaniuliza kwa huruma kubwa, "Ticha, inauma ukimeza?" Nikatikisa kichwa kwamba hapana. Kisha nikaanza kuwaonyesha noti kwa mkono: ngumi ni *do*, kiganja kilicholala ni *mi*, kiganja kinachonitazama mimi ni *so*. Zamani nilikuwa nawafundisha alama hizi dakika tano nachoka naziacha, kwa sababu kuimba mwenyewe ili wanifuatishe ilikuwa haraka zaidi. Sasa sikuwa na njia ya mkato. Hadi saa sita mchana walikuwa wanausoma mkono wangu, na anayepiga kelele alikuwa anapigwa kiwiko na mwenzake kwa sababu anamfanya apitwe.

Watu wazima walinitoa jasho.

Shida ya kwanza ilikuwa noti ya kuanzia. Kinanda chetu kilikuwa kibovu, na siku zote mimi ndiye niliyekuwa kinanda. Niliwatazama, nikamchagua mama mmoja wa safu ya nyuma, Mhindi, mjane, mwenye duka la vifaa vya kushonea, aliyezaliwa ghorofa ya pili mtaa uleule wa shule na hajawahi kuhama. Kwa miaka miwili aliyokuwa nasi sikuwahi kumsikia akikosea noti. Ila sauti yake ilikuwa ndogo mno, ukitaka kumsikia ulipaswa kumsogelea.

Nikamwandikia: *Mama, utatoa noti wewe.*

Akasoma, akavua miwani. "Mimi? Mwalimu, hii sauti yangu haifiki hata mlangoni. Watu arobaini hapa!"

Nikaandika chini yake: *Watanyamaza.*

"Hawa?" akasema, akiwatazama wauza vitenge. Watu wakacheka, naye akacheka pia. Lakini alisimama. Akafumba macho, akatoa *do* nyembamba kama uzi. Hakuna aliyeisikia. Akarudia. Mara ya tatu mtu akasema "Shhh!", na ukumbi ukatulia polepole, mpaka tukasikia pikipiki inapita nje. Akatoa noti mara ya nne, wote wakaipata. Nilikuwa nimewapigia makofi na kuwafokea miaka yote hiyo na sikuwahi kupata kimya kile.

Shida ya pili ilikuwa kijana wetu wa tena, ile sauti ya juu ya kiume, mwanamume wa miaka thelathini hivi kutoka kusini, anayeuza viatu Kariakoo. Ndiye aliyekuwa nguzo ya wanaume. Nilikuwa naandika maelekezo ubaoni, mwandiko wa haraka: *mstari wa pili taratibu, wanaume msiwafunike wanawake, rudieni kiitikio.* Kila nilipoandika, yeye alichelewa. Mara aimbe wakati wenzake wamenyamaza, mara asimame ameduwaa. Alhamisi ya wiki ya pili nikamnyooshea kidole, kisha nikagonga ubao kwa chaki pale palipoandikwa neno *taratibu*.

Uso ukambadilika. "Sasa ndiyo nini hii?" akasema mbele ya wote. "Tumekuja kwaya au tumekuja kufundishwa na bubu?"

Akachukua mkoba wake akatoka. Neno lile lilinichoma, na kilichoninyima usingizi ni kwamba nilishindwa hata kulijibu. Jumanne hakuja. Wanaume bila yeye waliimba kama watu wanaotafuta swichi gizani.

Jumatano asubuhi nikaenda Kariakoo kumtafuta. Nilimkuta kwenye kona yake, viatu amevipanga juu ya turubai, anaita wateja kwa sauti ileile ninayoijua. Aliponiona akaishia katikati ya neno. Nikatoa daftari, nikaandika, nikamwonyesha. Akalitazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Dada aliyekuwa akiuza mikoba pembeni akanyoosha shingo, akasoma kwa sauti: "Anauliza amekukosea nini." Akaongeza la kwake, "Kaka, umemfanya nini mwalimu wa watu mpaka hasemi?"

"Hebu nishikie biashara kidogo," akamwambia. Akanivuta kando, kwenye ngazi za duka lililokuwa halijafunguliwa, akakaa. Nikakaa.

"Samahani kwa lile neno, mwalimu. Halikuwa neno zuri." Akawa anafuta vumbi kwenye kiatu kimoja alichosahau mkononi. "Ila wewe unaandika kama unakimbizwa. Mimi kusoma nasoma, siyo kwamba sisomi. Nasoma polepole. Niliacha shule darasa la nne. Nikifika neno la tatu, umeshafuta. Wale wote wanajua la kufanya, mimi nimesimama kama mlingoti. Halafu unanigongea ubao."

Miaka minne alikuwa kwenye kwaya yangu. Nilikuwa nimemsifu mara nyingi kwamba anashika wimbo kwa kuusikia mara moja tu, bila kujiuliza kwa nini hajawahi kufungua karatasi ninazogawa. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia mambo mengi, na nilichokuwa nacho ni daftari, kitu kilekile kilichomfukuza. Nikalifunga. Nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa. Kisha nikamwonyesha ngumi, halafu kiganja kilicholala, halafu kiganja kinachonielekea.

Akakunja uso. "Hiyo nini?"

Nikarudia, safari hii nikipandisha mkono kutoka tumboni hadi kidevuni. Akaitazama, akaanza kuguna kwa chini, akabahatisha, akakosea, nikatikisa kichwa, akajaribu tena. "*Do... mi... so?*" Nikapiga makofi. Dada wa mikoba akapiga vigelegele bila kujua anashangilia nini.

Alhamisi alirudi. Ukumbini nilikuwa nimefuta ubao na kuugeuza ukutani, na wiki zilizobaki sikuandika chochote mbele yao. Kila kitu tulikifanya kwa mkono, kwa uso, na kwa noti ya yule mama. Ilikuwa kazi ngumu. Mstari niliozoea kuufundisha kwa dakika kumi ulichukua jioni nzima. Kuna siku nilirudi nyumbani mabega yananiuma kama nimetwanga. Lakini sikuwahi kuisikiliza kwaya yangu namna ile. Kwa miaka yote sauti yangu ilikuwa juu ya zao, nikisikia nilichotaka kusikia.

Siku ya wazazi, tulipopanga mistari uwanjani, watoto mbele na watu wazima nyuma, duka la ng'ambo likafungulia spika lake la matangazo. Mwalimu mkuu akatuma mtu akawaombe wapunguze, lakini wageni walikuwa wameshakaa na wananitazama. Nikamgeukia yule mama, niliyemsimamisha mbele pembeni ya watoto. Akafumba macho. Midomo yake ilifunguka kidogo, na mimi niliyekuwa hatua tatu mbele yake sikusikia kitu. Nikanyanyua mkono hivyohivyo, nikaushusha.

Wakaingia wote kwa pamoja, noti ileile, watoto na wakubwa, kana kwamba walikuwa wameshaibeba vichwani. Yule kijana wa tena aliimba amenikazia macho, mkono wangu ukimwambia ashuke anashuka, apande anapanda. Kwenye ubeti wa tatu spika likazimwa. Nadhani aliyelizima alitaka kusikia.

Wiki ya sita ilipoisha, daktari akaingiza kimrija chake tena. Vinundu vilikuwa vimepungua, upasuaji hakuna haja. Sauti ilirudi, lakini si ile iliyoondoka. Noti za juu zimeniaga, na sasa naimba sauti ya pili. Siku ile nililia nikiwa kwenye benchi la hospitali, kidogo, nikamaliza. Yule mama anaendelea kutoa noti, nami sijaomba kazi yangu irudi. Yule kijana wa tena nilimuuliza kama angependa tukae siku moja moja tusome pamoja. Akasema, "Mwalimu, mimi nakuja kuimba," na nikamwelewa. Karatasi nimeacha kugawa.

Mwezi uliopita wanawake wanaouza sokoni Buguruni waliniomba niwaanzishie kwaya ya kwao. Siku ya kwanza walikuja kumi na tisa, wote wanaongea kwa wakati mmoja. Nikawaamkia, kisha nikakaa kwenye kiti, mikono mapajani, nikisubiri. Mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu mwalimu anaringa." Nikatabasamu, nikanyanyua ngumi.